Anasoma Sawa, Lakini kwa Jasho: Jinsi ya Kutambua Dalili za Disleksia kwa Mtoto wa Gredi za Chini

Sentensi yenyewe ni "Watoto wanakimbia uwanjani." Mtoto wa miaka 7 ameiwekea kidole, anatamka "wa", ananyamaza, anatamka "to", ananyamaza, kisha anarudi mwanzo. Anapofika mwisho hajakosea hata silabi moja, lakini wale watoto wa mwanzo wa sentensi wamekwisha kumponyoka, na ukimuuliza ni nani waliokuwa wakikimbia atakutazama tu. Mzazi anayemsikiliza kutoka jikoni huku anakuna nazi atasema mtoto anasoma. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 darasani atampa alama ya kupita na kumwita anayefuata. Nimefundisha gredi za chini hapa Mombasa kwa miaka mingi, na mtoto wa namna hii ndiye niliyechelewa zaidi kumtambua, kwa sababu nilikuwa nikihesabu makosa yake ilhali nilipaswa kuutazama mwendo wake na jasho lililomtoka.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa mtoto wa kuanzia PP2, yaani mwaka wa mwisho wa chekechea, hadi Gredi ya 3 ambaye shule inamlemea bila sababu inayoonekana. Hautakuwezesha kutangaza kwamba mtoto ana disleksia, kwani uamuzi huo ni wa mtaalamu aliyefunzwa kupima. Utakuwezesha kujua cha kutazama, namna ya kukiandika, na mlango wa kubisha.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika maneno, ambao kwa kiasi kikubwa unatokana na namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha, na hautokani na upungufu wa akili wala uvivu. Wataalamu wengi hukadiria kwamba unawapata watoto kati ya 5 na 10 katika kila 100, kwa hivyo darasa la watoto 50 halikosi wawili au watatu. Huonekana katika kila lugha inayoandikwa, na hufuata ukoo: ikiwa baba, mama au ndugu wa tumbo moja alihangaika kusoma utotoni, uwezekano wa mtoto kuhangaika unaongezeka sana. Ukimsikia mjomba akisema kwamba yeye naye "vitabu havikumtaka", usilipuuze neno hilo.

Jina la disleksia lilitolewa mwaka 1887 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, akaeleza habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, aliyekuwa hodari wa hesabu lakini aliandika hata jina lake mwenyewe "Precy" bila kuliona kosa, na ambaye mwalimu wake alisema angekuwa mwanafunzi bora wa shule nzima kama masomo yangekuwa ya kusikiliza tu. Morgan aliuita ugonjwa huo upofu wa maneno, na nadhani ndiyo sababu hadi leo watu wengi hukimbilia kwanza miwani. Uchunguzi wa miaka mingi baadaye umeonyesha kwamba shida kubwa haiko machoni bali katika kuzichambua sauti zilizomo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi zake.

Hapa pana jambo la kulishika kabla ya hatua yoyote. Miongozo mingi ya disleksia imeandikwa kwa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza, lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi, na kwa hivyo inakuambia uhesabu maneno aliyoyakosea mtoto. Kiswahili kina irabu tano ambazo hazibadiliki, silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na neno husomwa lilivyoandikwa. Mtoto mwenye disleksia akikazana anaweza kulifikia neno la Kiswahili kwa usahihi, ila kwa mwendo wa kobe na kwa uchovu mkubwa, kama ilivyoonekana pia kwa watoto wa Italia na Finland ambao maandishi ya lugha zao ni wazi kama yetu. Kwa hivyo usiridhike kwamba amesoma sawa. Tazama amechukua muda gani, amechoka kiasi gani, na amebaki na nini kichwani.

Hatua ya kwanza: ondoa sababu nyingine

Anza na masikio. Mtoto ambaye sikio lake limekuwa likitoka usaha mara kwa mara tangu utotoni huenda hasikii tofauti kati ya "sh" na "s", na hawezi kuandika sauti asiyoisikia. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, televisheni ikiwa imezimwa, uone kama atageuka, lakini hata akigeuka mpeleke hospitali apimwe kwa vyombo. Macho nayo yapimwe, hasa ukiona anakunja uso kutazama ubao au anakisogeza kitabu puani.

Kisha jiulize kama kweli amepata nafasi ya kufundishwa. Mtoto aliyekosa muhula mzima kwa ajili ya karo, au aliyehamishwa kutoka Likoni hadi Changamwe na kutoka Changamwe hadi Kisauni ndani ya mwaka mmoja, hawezi kulinganishwa na mwenziwe aliyekaa shule moja. Mtoto aliyekuja mjini mwaka jana akiwa anazungumza Kiduruma au Kikamba pekee anajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na anastahili kupewa muda. Njaa, usingizi mfupi, msiba au ugomvi wa wazazi humzorotesha mtoto yeyote. Hata hivyo, kupata sababu moja kati ya hizi hakumaanishi kwamba disleksia haipo. Mtoto anaweza kuhitaji miwani na bado akawa na disleksia, na nimeona wazazi wakipoteza miaka miwili wakingoja miwani ifanye kazi isiyoiweza.

Hatua ya pili: pima sauti kabla ya herufi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inaweza kufanywa na mzazi asiyejua kusoma, haihitaji kitabu, na inafaa hata kwa mtoto wa miaka 5 ambaye hajaanza kusoma. Isitoshe, sisi watu wa Mombasa tumerithi zana zake. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, mji ambao watu wake wamehesabu mizani na kulinganisha vina kwa karne kadhaa. Kuhesabu mizani ni kuhesabu silabi, na kuhesabu silabi ni kipimo cha mwanzo kabisa cha namna mtoto anavyozisikia sauti za lugha.

Keti naye barazani, bila kalamu. Mwambie apige kofi moja kwa kila silabi ya neno unalotamka: "ba-ba" makofi mawili, "sa-ma-ki" matatu, "m-to-to" matatu, "ng'o-mbe" mawili. Mtoto wa miaka 5 au 6 hukosea mara chache kisha akaushika mchezo na kuanza kukutegea maneno yeye. Mtoto wa kuangaliwa huendelea kupiga makofi ovyo hata baada ya siku kadhaa, au hupiga moja kwa kila neno, kana kwamba neno ni jiwe lisilovunjika.

Nenda kwenye vina. Muulize kama "bata" na "kata" yanaishia pamoja, kisha kama "bata" na "simu" yanaishia pamoja. Muulize kati ya "sukari" na "ndizi" ni lipi linaloanza kama "samaki". Mwambie aseme "kitabu" bila "ki", na mtoto aliyezoea atacheka akisikia imebaki "tabu". Usimfundishe jibu papo hapo. Sikiliza tu na ukumbuke alichosema.

Kisha jaribu kinyume, ule mchezo wa watoto wa Pwani wa kuitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza, ili wakubwa wasielewe wanachosemezana: "paka" inakuwa "kapa", "kitabu" inakuwa "bukita". Wenzake wa miaka 7 au 8 huzungumza kinyume kwa kasi hadi masikio yako yachoke. Mtoto mwenye shida ya sauti hubaki kando ya mchezo, si kwa kuwa hapendi, bali kwa sababu kulivunja neno, kuzishika silabi zake kichwani na kuzipanga upya ndiko hasa kunakomshinda. Mama mmoja aliniambia kwamba mwanawe alikuwa akirudi kutoka uwanjani analia kwamba wenzake wanamsengenya kwa lugha asiyoijua. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili kilichopinduliwa.

Dalili nyingine za sauti huanza mapema, na mzazi huzikumbuka akiulizwa: alichelewa kusema, alichanganya silabi na kusema "katabi" kwa "kabati" hata baada ya kufika miaka 5, hakushika majina ya siku kwa mpangilio, au alijua kitu asikipate jina lake, akabaki kusema "kile, kile cha kuchotea". Dalili moja peke yake haina uzito. Zikiwa nyingi, na katika ukoo yumo mtu aliyehangaika vilevile, basi hata kama mtoto hajaingia Gredi ya 1, anza kumsaidia.

Hatua ya tatu: msikilize akisoma, saa mkononi

Chagua wakati ambapo hajachoka, na mwondoe mbele ya ndugu zake. Tafuta hadithi fupi ya kiwango cha darasa lake ambayo hajawahi kuisoma wala kusomewa, uzifunike picha kwa karatasi, na utumie saa ya simu kuhesabu maneno anayoyasoma kwa dakika moja. Mlinganishe na watoto wawili au watatu wa darasa lake hilohilo, na kamwe usimlinganishe na dada yake mkubwa. Baada ya siku mbili mpe kifungu kilekile. Watoto wengi huongeza kasi waziwazi mara ya pili, lakini mtoto wa kuangaliwa hulikuta neno "uwanjani" kama mgeni ambaye hajapata kumwona, ingawa alihangaika nalo juzi.

Picha zifunikwe, nami nina sababu ya kusisitiza. Nilikuwa na mvulana katika Gredi ya 2 aliyesoma kwa sauti nzuri na kwa madoido, hadi siku moja niliposimama nyuma yake na kuona kwamba anatamka maneno ya ukurasa wa 8 ilhali kitabu kimefunguliwa ukurasa wa 7. Dada yake alikuwa amemsomea kitabu chote nyumbani, naye alikihifadhi neno kwa neno, akawa anafuata picha. Nilimwita mjanja na mvivu mbele ya darasa, nikamsimamisha kipindi kizima. Leo naelewa kwamba kuhifadhi kurasa zaidi ya ishirini ili kuficha kwamba husomi ni kazi kubwa kuliko kusoma kwenyewe, na kwamba mtoto yule alikuwa akiifanya kila siku peke yake bila kumwambia mtu.

Tangu hapo hutumia maneno ya kubuni. Andika maneno kama "zimopa", "kesofa" na "ndalufe", mwambie ni majina ya majini wa hadithi, na umwombe ayasome. Aliyejua kuunganisha herufi na sauti atayasoma japo hayana maana, na aliyezoea kukisia atayageuza kuwa maneno anayoyajua au atanyamaza.

Msikilize pia katika Kiingereza, ukijua kwamba kila mtoto hapa hukosea zaidi katika Kiingereza. Tofauti inapokuwa kubwa mno, yaani Kiswahili kinakwenda polepole lakini kwa usahihi na Kiingereza kimevunjika kabisa, huku masomo ya kusikiliza na hesabu za mdomo zikimwendea vizuri, hiyo ni picha ya kuitilia maanani.

Hatua ya nne: fungua madaftari yake

Tafuta kurasa za imla. Kila mtoto hukosea, kwa hivyo utafute makosa ya aina fulani: neno moja lililoandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, silabi zilizorukwa, na hasa sauti za puani zinazotoweka mbele ya konsonanti, kwa mfano "buzi" kwa "mbuzi" na "ng'obe" kwa "ng'ombe", muda mrefu baada ya wenzake kuacha. Tazama pia kama ananakili kutoka ubaoni herufi moja moja, akiinua kichwa kila mara, na kama daftari lina sentensi nyingi zilizokatikia njiani kengele ilipolia.

Kugeuza "b" na "d" kumetangazwa kama alama kuu ya disleksia, na wazazi wengi huniletea hiyo kwanza. Watoto wengi wasio na shida yoyote hugeuza herufi hadi kufikia miaka 7 hivi. Huwa dalili pale tu kunapoendelea baada ya hapo na kuandamana na mengine.

Na tafadhali usiihesabu lahaja kuwa kosa la ubongo. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Mji wa Kale na kuandika "ndia" kwa "njia", "mato" kwa "macho" na "mtele" kwa "mchele" ameandika Kimvita kama anavyokisikia, na kwa kweli ametuonyesha kwamba masikio yake ni mazima na kwamba anajua kuigeuza sauti kuwa herufi. Afundishwe tu kwamba shuleni tunaandika Kiswahili sanifu. Vivyo hivyo mtoto anayebadilisha "r" na "l" kwa athari ya lugha ya kwao. Wa kuangaliwa ni yule aliyeandika "njia" kuwa "jina", chini yake "nija", na chini zaidi "ija", kwa sababu makosa yake hayafuati kanuni ya lugha yoyote.

Hatua ya tano: ongea na maalim wa chuo

Mtoto wa Kiislamu hapa Mombasa anajifunza kusoma mahali pawili, shuleni na chuoni, yaani madrasa, na mahali pa pili hatupaulizi. Nenda kwa maalim wake, umuulize mambo mawili mbalimbali: anahifadhi vipi, na anasoma vipi. Wapo watoto wanaoishika sura kwa kuisikia mara chache tu na kuisoma kwa sauti ya kutia raghba, lakini ukiifungua juzuu na kumwonyesha aya ileile kwa kidole hawezi kukuambia ni neno gani, na herufi zinazotofautiana kwa nukta tu, kama bee na tee, zinamchanganya muda mrefu baada ya wenzake kuvuka. Pengo hilo kati ya kuhifadhi na kusoma, likionekana chuoni na shuleni pia, lina uzito mkubwa kwa mpimaji, kwani linaonyesha kwamba kumbukumbu na bidii zipo.

Wengine husema ni kule kuandika kutoka kulia na kutoka kushoto kunakomchanganya mtoto. Chuo hakisababishi disleksia, na maelfu ya watoto wa Pwani wamesoma hati zote mbili bila tatizo. Usimwachishe chuo kwa sababu hiyo.

Hatua ya sita: daftari la wiki sita

Nunua daftari dogo na uandike kwa wiki sita, mara mbili au tatu kwa wiki, tarehe na jambo moja ulilolishuhudia. Andika ulichokiona, usiandike hukumu. "Jumanne: sentensi tatu za Gredi ya 2, dakika nne, hakukosea, hakuweza kueleza. Alilalamika tumbo kabla ya kuanza." Maneno hayo yana faida kwa mtaalamu kuliko "hapendi kusoma". Andika na yale anayoyaweza: alitengeneza tiara bila kuonyeshwa, alitoa chenji sahihi dukani, alisimulia mechi nzima ya Jumamosi. Andika lini tumbo au kichwa kinamuuma, kwa maana maumivu yanayokuja kila asubuhi ya shule na kupona kila Ijumaa jioni yana habari yake.

Wakati huohuo mpe msaada wa dakika 15 kila siku, kwa namna nitakayoieleza. Wapimaji huangalia kama shida imedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kusaidiwa, kwa hivyo rekodi ya msaada nayo ni sehemu ya ushahidi.

Hatua ya saba: kutana na mwalimu wa darasa

Usiende wakati wa kumwacha mtoto langoni, na usianze kwa lawama. Omba miadi, chukua daftari lako na madaftari ya mtoto. Mzazi mmoja alinijia akaanza hivi, nami nikamsikiliza hadi mwisho: "Mwalimu, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Nimemtazama mwanangu kwa wiki sita na nimeandika haya. Naomba uniambie kama wewe nawe unayaona darasani." Kwa kuulizwa hivyo, nilijikuta nikiyafungua madaftari yake kwa macho mapya.

Omba mambo madogo yanayowezekana katika darasa kubwa: aketi mbele, asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kuandaliwa, aruhusiwe kujibu kwa mdomo anapojua jibu, apewe muda zaidi wa kunakili. Mtoto akichapwa au kudhalilishwa kwa kutojua kusoma, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya mwili na ya kumtesa mwanafunzi kisaikolojia, nawe una haki ya kulisema hilo kwa mwalimu mkuu kwa utulivu na kwa maandishi.

Hatua ya nane: tathmini

Kenya ina vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambavyo kazi yake ni kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kushauri namna ya kuwafundisha. Mwombe mwalimu mkuu barua ya kukuelekeza, au nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo unayoishi, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu, uulize kituo cha karibu na siku za kupima. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo ina kituo cha tathmini kwa wenye uwezo wa kusafiri. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, majibu ya vipimo vya macho na masikio, ripoti za shule, madaftari mawili ya imla, na daftari lako la wiki sita.

Mpimaji atauliza historia ya mimba, kuzaliwa na kusema, atampima mtoto uwezo wa kufikiri kwa maswali yasiyohitaji kusoma, kisha kusoma, kuandika na kuzichezea sauti. Uliza kama kipimo kimezingatia kwamba mtoto anaishi katika lugha mbili au tatu. Mwandae mtoto kwa ukweli: mwambie anakwenda kucheza michezo ya maneno ili walimu wajue njia nzuri ya kumfundisha. Mara nyingi wapimaji hukawia kutoa jina la disleksia kabla ya mtoto kufundishwa kusoma kwa mwaka mmoja au miwili, na hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu msaada haungojei jina.

Hakuna dawa ya hospitali inayotibu disleksia, wala lenzi za rangi hazijathibitishwa kuwa tiba yake, na mtu akikuuzia kimojawapo kwa ahadi hiyo weka pesa zako mfukoni. Wapo pia jamaa watakaosema mtoto amepatwa na kijicho, wakuletee kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe ili afunguke. Dua ya mzazi kwa mwanawe ni jambo jema, nami siwezi kumzuia mtu asiombe. Ninachoomba ni kwamba isichukue nafasi ya kupimwa, na mtoto asiambiwe kwamba ndani yake mna kitu kibaya.

Kinachofanywa nyumbani wakati mnasubiri

Rudi kwenye silabi, kwa mpangilio, bila kuruka. Fanya "ma me mi mo mu" hadi zimtoke bila kufikiri, kisha "ba be bi bo bu", kisha uunganishe maneno ya silabi mbili kutoka makundi hayo mawili tu: "mama", "baba", "bibi". Neno kama "mbao" lisubiri kwanza. Kundi la "mb", "nd", "nj" na "ng" lingoje mpaka mepesi yamekaa. Mtoto atamke sauti wakati uleule anapoiandika, kwa kidole, katika sinia lililotandazwa mchele au mchanga mkavu wa pwani. Siku ya kukanda unga wa mahamri, mpe donge afinyange "b", alipitishe kidole huku akisema "be", kisha afinyange "d". Mkono unaikumbuka tofauti ambayo jicho limeikosa.

Simamisha kazi dakika ya 15 hata kama anafanya vizuri, na umalize kwa kitu anachokiweza. Kesho yake anza na kile alichokiweza jana. Usiku msomee wewe, hadithi za kiwango cha akili yake na si cha kusoma kwake, ili msamiati na maarifa yake yasidumae kwa sababu macho yake hayajaifikia karatasi.

Ripoti ya tathmini ikitoka, toa nakala tatu: moja ya faili la shule, moja ya nyumbani, na moja ya kumpa mwalimu mpya kila Januari, kwani faili hukaa kabatini na mwalimu mpya hulifungua akiwa tayari ameshamwita mtoto mvivu. Baraza la Mitihani la Kenya lina utaratibu wa kuwapa muda wa ziada watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini ombi hupitia shuleni na huhitaji hati, kwa hivyo mkumbushe mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili wa mtihani wa Gredi ya 6.